Deqa Ateka Bahari ya Gotu

Vita vya Ziwa Tanganyika Deqa alivijua kuliko alivyojua njia ya kwenda kwao. Alivijua na chai, alivijua bila chai. Siku ya harusi yake, saa ambayo wenzake walikuwa wakiambiwa maneno matamu, yeye aliambiwa jinsi Mjerumani alivyofunga mizinga kwenye meli. Alidhani ni haya ya bwana harusi. Haikuwa haya. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, Abdinur alikuwa bado yuko ziwani.

Abdinur, mume wake, alikuwa dereva wa lori njia ya Moyale mpaka mgongo ukakataa. Mgongo ulipostaafu, mdomo ukachukua zamu. Kila asubuhi wazee walipokaa kunywa chai mbele ya nyumba, alipanga vita juu ya meza. Chupa ya chai ilikuwa meli kubwa ya Mjerumani. Vikombe viwili vidogo vilikuwa mashua za Mwingereza. Kopo la sukari lilikuwa bandari ya Kigoma, na ole wake mzee aliyetaka sukari kabla Kigoma haijaanguka.

"Sikilizeni," alikuwa akisema. "Ziwa lile ni refu kama kutoka hapa Isiolo mpaka mpakani Moyale na bado. Mjerumani ana meli, wengine hawana. Leo jioni anapakia askari na unga upande huu, kesho asubuhi wako upande ule, wamelala, wamekula, bunduki kavu. Wewe huna meli. Unazunguka kwa miguu wiki nzima na viroboto. Ukifika, yeye amesharudi alikotoka. Utampiga saa ngapi?"

"Basi Mwingereza akafanya nini?" mzee mmoja angeuliza, kwa adabu tu, kwa maana jibu alilijua.

"Akaleta mashua mbili kutoka Ulaya. Meli mpaka Afrika Kusini, treni mpaka Kongo, halafu milimani. Mashua, milimani. Ng'ombe wanavuta, matrekta ya moshi yanavuta, watu wanavuta. Na kwenye kamba, mtu wa tatu kutoka mbele, ni babu yangu."

Babu huyo alikuwa mtu wa Berbera, mchochea moto kwenye meli za Waingereza. Kwa maneno ya Abdinur, vita vilimtupa Kongo, na baada ya vita akapewa pa kukaa hapa Isiolo pamoja na Wasomali wengine waliokuwa askari. Pa kukaa palikuwepo kweli, maana Deqa alikuwa akipafagia kila siku. Hayo ya kamba hakuna aliyeyaona. Kwanza babu alikuwa mtu wa tano kutoka mbele. Mwaka waliomzaa Salad, mtoto wao wa kwanza, akawa wa nne. Deqa alihesabu kwamba akijaliwa maisha marefu atamwona babu akivuta peke yake.

Lakini Deqa hakuwa na nafasi ya kukaa na vita. Alikuwa mama wa maziwa. Maziwa ya ngamia yalikamuliwa huko mbele ya Gotu, yakakusanywa na rafiki yake Gumato, Mborana mwenye sauti ambayo haikuhitaji simu. Gari dogo liliyaleta mjini kwenye mitungi ya njano ya plastiki, Deqa akayapima, akayanusa, akayatia kwenye basi la Nairobi. Eastleigh aliyapokea Fathia, ambaye aliuza maziwa hayo kwenye hoteli na hakuwa na subira hata ya kumaliza salamu. Mitungi mitupu ilirudi Isiolo, Deqa akaiosha, akaifukiza moshi, akaituma tena Gotu. Mitupu inakwenda, iliyojaa inakuja, miaka ishirini. Ukitaka kuua biashara hiyo huhitaji kumwaga maziwa. Zuia tu mitungi mitupu.

Hilo Kotile alilijua.

Mwaka ule wa El Nino ya juzi mvua ilinyesha kama iliyotumwa na mtu mwenye hasira. Bonde lililo kabla ya Gotu, mahali ambapo siku zote hata mbuzi walipita wakilalamika kiu, likajaa maji kutoka ukingo hadi ukingo. Barabara iliingia humo ndani ikapotea, ikatokea upande wa pili, mbali, kama kitu kisichokuhusu. Lori lilijaribu kupita likabaki paa. Watu wa mjini walikwenda kupiga picha. Wakaiita bahari.

Siku ya tatu Kotile akaileta meli. Kotile alikuwa broka wa maziwa, dalali wa malori mawili na tabasamu moja ambalo alilitumia kwa kila mtu. Alikuwa amekata tangi la maji la plastiki, lile jeusi kubwa, katikati kama mtu anavyokata tikiti. Alichukua nusu ya chini, akaitia majini, akaingia. Chombo kilikuwa mviringo, kwa hivyo kilizunguka. Alipiga kasia kulia, kikazunguka kushoto. Akapiga kushoto, kikamgeuza akawatazama watu aliowaacha. Watu walicheka mpaka alipofunga kamba ndefu kutoka mgunga wa upande huu hadi mgunga wa upande ule, akawa anaishika kwa mikono na kujivuta nayo. Hapo kicheko kikaisha. Beseni likanyooka, na bahari ikawa na mwenyewe.

Kotile alivusha maziwa yake. Alivusha sukari, majani ya chai na unga kwenda Gotu, akauza kwa bei aliyoiota usiku. Alipofika Gumato na maziwa, Kotile alikuwa na jibu moja: "Niuzie mimi hapa hapa, au kunywa mwenyewe." Na Deqa alipofika na mitungi yake mitupu, akamwangalia kwa lile tabasamu.

"Mama Salad, chombo imejaa."

"Imejaa nini? Naona wewe na hewa."

"Hewa yangu pia ni mzigo."

Gumato akapiga simu. "Abaayo, dada yangu, ngamia wanakamuliwa, mimi sina mtungi. Nimejaza sufuria, nimejaza ndoo ya kuoga, nimejaza kibuyu cha marehemu mama yangu. Kesho nitajaza viatu. Nimuuzie Kotile?"

"Jaribu uone."

Kisha Fathia akapiga kutoka Nairobi. Huyo hakupoteza maneno. "Deqa, wewe ni dada yangu, lakini hoteli haipiki chai na udugu. Kotile ameniambia yeye analeta kila siku. Jumamosi basi likifika bila maziwa yako, mimi nimehamia kwake, na sirudi nyuma."

Ilikuwa Alhamisi. Deqa aliweka simu chini, akatazama uani. Mitungi mitupu ilipangwa ukutani, safi, inanuka moshi mzuri, haina pa kwenda. Mbele ya nyumba Abdinur alikuwa anaizamisha chupa ya chai kwa mara nyingine. Ndipo Deqa alipoona maisha yake mbele yake: biashara imekwenda kwa Kotile, yeye amekaa nyumbani kutoka asubuhi mpaka magharibi, ziwani, na babu ameshakuwa mtu wa kwanza kwenye kamba.

Akatoka nje. Akavuta kiti, akakaa na wazee. Wazee walisogea kwa mshangao.

"Baba Salad," alisema. "Mashua mbili ndogo. Zilimwezaje?"

Abdinur aliinua vile vikombe viwili vidogo. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa kutaka kujua. "Kwa... kwanza zilikuwa nyepesi. Zilikimbia. Meli kubwa inageuka kama ngamia mjamzito."

"Kabla ya kukimbia. Aliziachaje ziingie majini? Hakuziona?"

"Hakuzitazamia. Mjerumani alikuwa ameweka macho kwenye maji, anangoja adui atoke kwenye maji. Mashua zilitoka mlimani. Nani anaangalia mlima akitafuta mashua?"

"Kwa hivyo hakulinda ziwa lote."

"Nani anaweza kulinda ziwa lote? Unalinda bandari."

Deqa alichukua kopo la sukari akalisogeza kando ya meza, mbali na chupa. Mzee mmoja akapata nafasi ya kujitilia kijiko, hatimaye. "Kotile amekaa kwenye barabara," Deqa alisema. "Amekaa hapo kwa sababu gari zote zinaishia hapo. Lakini bahari ina ukingo mrefu."

"Na chombo?" aliuliza Abdinur. "Vita vya ziwa bila chombo ni kuoga."

Deqa aligeukia uani. Alikuwa anaangalia mitungi ukutani.

Kitu kilichokosekana ni mtu wa kuogelea. Abdinur mwenyewe, pamoja na umahiri wake wote wa majini, alikuwa akishikwa na kizunguzungu kwenye beseni la kunawia. Deqa akaenda sokoni kwa Natabo. Natabo alikuwa Mturkana aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Turkana, sasa anauza samaki wakavu Isiolo, na alikuwa amegombana na Deqa mara nyingi kwa sababu harufu ya samaki ilikuwa inahamia kwenye maziwa.

"Kotile anasema kuna mamba mle ndani," Natabo alisema, akipanga samaki wake. "Ameambia mji mzima."

"Wewe umeamini?"

"Mamba atafuata nini Gotu, miraa? Na kama yupo, mimi nimekula mamba. Yeye hajanila. Tutaonana." Akafunika samaki kwa gunia. "Lakini nikirudi, hutasema tena samaki zangu zinanuka."

"Nitasema kwa sauti ndogo."

Ijumaa alfajiri, baada ya swala, gari lilifika bondeni likaiacha barabara mbali, likapenya vichakani hadi mahali ambapo ukingo uliingia ndani kama kiwiko. Kutoka hapo Kotile hakuonekana. Mitungi mitupu ilifungwa kwenye kamba, mmoja nyuma ya mwingine, vifuniko vimekazwa kwa nailoni. Abdinur alikuja na kofia yake ya udereva na fimbo, akajiita mkuu wa kikosi cha maji. Alisimama mahali pakavu kabisa.

Natabo alijifunga ncha ya kamba kiunoni, akakumbatia mtungi wa kwanza, akaingia. Mitungi ikamfuata ikielea na kugongana, msururu wa njano kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuna mamba aliyejitokeza. Upande wa pili Gumato aliwapokea kwa sauti iliyosikika bila simu, Deqa akamtumia ujumbe anyamaze kwa sababu adui ana masikio.

Mpaka hapo vita vilikwenda vizuri kuliko Tanganyika. Ubaya ulianza mitungi ilipojaa.

Gumato alijaza, akafunga, akasukuma. Mtungi wa kwanza uliingia majini ukaendelea kwenda chini. Wa pili ukamfuata mwenzake. Wote wakashuka mmoja baada ya mwingine kwa heshima, kama wazee wanaoingia msikitini, na uso wa maji ukabaki mtupu. Upande wa Isiolo, Deqa alikuwa ameshika kamba iliyokwenda moja kwa moja chini ya ardhi.

"Zimezama," alisema Abdinur.

"Asante, mkuu wa maji. Nilidhani zimepaa."

Simu ikalia. Deqa akauliza swali moja tu. "Gumato, umejaza mpaka wapi?"

"Mpaka mdomoni. Wewe ulitaka nijaze mpaka wapi?"

Na hakukosea. Kina mama wa maziwa hujaza mpaka mdomoni, tangu mama zao. Mtungi wenye nafasi hupiga ngoma njia nzima, maziwa yanatoka povu, na mnunuzi anasema umetia sabuni. Zaidi ya hapo, mtungi usiojaa ni aibu. Mwenye mtungi usiojaa jina lake hutajwa kwenye harusi za watu.

"Punguza," alisema Deqa. "Acha hewa kidogo, zielee."

"Nipunguze maziwa?" Sauti ya Gumato ilipoa ghafla, na ikipoa ndiyo mbaya. "Mimi, Gumato, nitume mtungi nusu Nairobi? Fathia afungue aseme Mborana wa Gotu amemwibia? Heri nimuuzie Kotile na ninywe sumu."

"Hakuna mtu atasema."

"Wewe ungesema."

Na kweli, Deqa angesema. Alikuwa ameshawahi kusema, kuhusu watu wengine, kwenye harusi.

Jua lilikuwa linapanda na maziwa yalikuwa yamelala kwenye tope. Abdinur akakohoa. "Mashua zile," alianza, "walipofika mtoni, kwa maana kabla ya ziwa kuna mto, maji yalikuwa machache, mashua zikagusa chini. Wakazifunga mapipa matupu kando, zikainuka, zikapita."

Deqa akageuka polepole. "Hii ya mapipa hujawahi kuisema."

"Mnanikatizaga kabla sijafika mtoni."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwacha afike mtoni.

"Gumato," Deqa alisema kwenye simu. "Vuta zote urudishe kwako. Usipunguze hata tone. Kila mitungi miwili iliyojaa, funga katikati mmoja mtupu, katika ile iliyobaki."

"Mtupu nao nitalipwa?"

"Funga, mama, tutagombana baadaye."

Msururu wa pili ulielea. Haukuelea kwa fahari, migongo tu ilikuwa inaonekana, lakini ulielea, na maji ya mvua yaliyapoza maziwa kuliko gari lolote. Natabo aliogelea ubavuni akisukuma mitungi iliyotaka kupotea. Deqa na dereva wa lile gari dogo wakavuta kamba. Abdinur alihesabu kwa sauti ili wavute pamoja, na kwa mara ya kwanza katika vita hivyo alikuwa na faida.

Msururu ulipofika katikati ndipo Kotile alipouona.

Alikuwa anarudi kutoka Gotu, beseni limejaa maziwa yake. Alitazama ule msururu wa njano ukipita kwa raha zake bila kumwomba ruhusa, na tabasamu likafutika usoni. Akachomoa panga. Maji yalikuwa yameusukuma msururu, na kamba ya Deqa sasa ilikuwa mbali kidogo tu na kamba yake. Akanyoosha mkono, haikufika. Akanyoosha zaidi. Kisha akafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuingia kwenye nusu ya tangi hapaswi kulifanya: akaachia kamba yake.

Beseni lilikumbuka asili yake, likaanza kuzunguka. Kotile alipiga maji kwa panga, likazunguka kwa kasi zaidi. Alipita mbele ya Natabo akiangalia Gotu, akapita tena akiangalia Isiolo.

"Shika kulia," Abdinur alimshauri kutoka ukingoni. Moyo wake ulikuwa upande wa mkewe, lakini hakuweza kuona chombo kinaongozwa vibaya akanyamaza. "Kulia, bwana. Sasa hiyo ni kulia ya nani?"

Panga likaanguka majini. Upepo mdogo ukalichukua beseni polepole hadi kwenye vilele vya miiba vilivyobaki juu ya maji, likaingia humo likakaa. Kotile alikaa ndani, mitungi yake pande zote, miiba pande zote, jua utosini.

Deqa alivuta mzigo wake mpaka mtungi wa mwisho ukafika pakavu. Alipohakikisha yote imepanda gari ndipo akasogea ukingoni.

"Kotile, habari ya baharini?"

"Mama Salad, nitoe hapa. Maziwa yangu yataharibika."

"Hii bahari ni ya nani?"

"Ni ya Mungu."

"Mungu namjua. Baada ya Mungu."

Kotile alitazama miiba. Miiba haikumsaidia. "Ni ya wote," alisema.

"Natabo, umesikia? Mimi masikio yangu yana maji."

"Ya wote," Kotile alirudia. "Na kamba yangu mtumie. Na mitungi yako mitupu nitapitisha."

"Na ya Gumato, na ya kila mama wa Gotu."

"Na ya kila mama. Nitoe."

Deqa angeweza kumwacha hapo mpaka saa sita, na moyo wake ulitaka. Lakini yalikuwa maziwa. Yeye alilelewa na mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga mahali maziwa yalipomwagika, na hakuweza kutazama mitungi ile ikichacha juani, hata kama mwenyewe alistahili kuchacha. Natabo akapeleka kamba. Yakavutwa maziwa kwanza, Kotile baadaye.

Alipofika pakavu, ameloa na amechanwa, Abdinur alimpa mkono kama jemadari. "Usihuzunike. Hata Mjerumani, alipoona Kigoma inakwenda, meli yake kubwa aliizamisha mwenyewe. Lakini kwanza alipaka mashine grisi. Waingereza wakaja kuiibua, ikabeba abiria miaka na miaka. Wewe pia ungepaka grisi."

"Mzee," alisema Kotile, "beseni halina mashine."

Maziwa yalipanda basi siku ile ile, ya Deqa mbele, ya Kotile nyuma yake, kwa sababu gari lililokuwepo lilikuwa la Deqa na aliyepanga mzigo alikuwa Deqa. Jumamosi Fathia alipiga simu kabla Deqa hajamaliza kunawa.

"Yamefika. Yamepoa ajabu, umeyaweka kwenye friji gani?"

"Friji ya Gotu. Kwa hivyo unahamia wapi?"

"Nani alisema nahama? Mimi nilikuwa nakutia moto tu."

Mwezi mmoja baadaye jua lililamba bahari yote. Barabara ikatokea mahali ilipokuwa, ina aibu kidogo. Katikati ya bonde kavu lilibaki lile beseni jeusi, limejaa maji ya mvua ya mwisho, na ngamia wa watu wakaja kunywa humo bila kumwomba Kotile.

Deqa alirudi kwenye mitungi yake. Natabo alihamishia meza yake ya samaki karibu zaidi na maziwa, na Deqa akasema kwa sauti ndogo, kama alivyoahidi. Nyumbani, asubuhi moja, alipita mbele ya nyumba na mzigo wa mitupu mgongoni, akaona wazee wameinamia meza kuliko kawaida. Mezani hapakuwa na chupa ya chai peke yake. Palikuwa na sahani nyeusi imegeuzwa, na safu ndefu ya maharagwe ya njano.

"Natabo yuko majini," Abdinur alikuwa akieleza. "Mzigo umezama. Adui anakuja na panga. Na huku ukingoni kuna kamba, na kwenye kamba, mtu wa tatu kutoka mbele, ni mimi."

Deqa alisimama. Walikuwa wawili kwenye kamba ile, yeye na dereva. Aliweka mitungi chini, akafungua mdomo kumsahihisha, akamtazama Abdinur alivyoinua harage moja kwa vidole viwili, taratibu, asilizamishe.

"Umesahau mapipa," alimwambia. "Waambie ya mtoni kwanza." Akabeba mitungi yake akaenda kuifukiza, kabla hawajafika Kigoma.